WAKILI NA ANAYEWAKILISHWA: Mwanajeshi Mbele ya Mahakama ya Raia katika Riwaya ya Anatomy of a Murder

Utangulizi

Katika uhakiki wetu hakuna kitenzi kinachotumikishwa kama "kuwakilisha". Tukikutana na mhusika mwenye jembe, tunasema anawakilisha wakulima. Tukikutana na mwenye kitambi na gari kubwa, tunasema anawakilisha mabwanyenye, kisha tunafunga daftari na kwenda kunywa chai. Neno hili tumelipitisha mikononi hadi limefutika sura kama sarafu kuukuu. Lakini ni wangapi kati yetu hukumbuka kwamba limezaliwa tumbo moja na neno "wakili"? Yote mawili yametoka kwenye shina la Kiarabu lenye maana ya kumkabidhi mtu jambo lako alisimamie. Kwa hiyo anayewakilisha ni mtu aliyekabidhiwa. Nasi wahakiki tungepaswa kuuliza kila mara: amekabidhiwa na nani? Na ambaye hakupata wa kumkabidhi, habari zake husemwa na nani?

Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo kwa kuichunguza riwaya ya Kimarekani iitwayo Anatomy of a Murder, iliyotoka mwaka 1958. Najua wapo watakaoniuliza: mbona umevuka bahari ilhali vitabu vya kwetu havijahakikiwa vikaisha? Jibu langu ni kwamba jambo linalozungumzwa humo, yaani mwanajeshi kushtakiwa kwa mauaji mbele ya mahakama ya raia wa mahali, limetokea Mombasa na limegonga mlango wa mahakama zetu tena kwa sababu ya Nanyuki. Aliyetunga riwaya alikuwa mwanasheria, naye anatufungulia chumba ambacho sisi wasomaji wa magazeti hatukifikii: chumba anamokaa wakili na mwanajeshi kabla kesi haijaanza.

Hoja yangu ni moja. Riwaya hii inatuonyesha kwa uaminifu mkubwa jinsi hadithi ya utetezi inavyotungwa, lakini inatusahaulisha kwamba katika mahakama ile ni mshtakiwa tu aliyepata mtunzi wa kumkabidhi mambo yake. Tunacheka na kushangilia ufundi, kumbe kuna watu wamekaa kimya kitabu kizima.

Mwandishi na chimbuko la kazi

Robert Traver ni jina la kubuni. Jina lake hasa ni John D. Voelker, mwenyeji wa kaskazini mwa jimbo la Michigan. Alikuwa kiongozi wa mashtaka katika wilaya yake kwa miaka mingi, akashindwa katika uchaguzi, akarudi kuwa wakili wa kawaida. Mwaka 1952 alimtetea luteni mmoja wa jeshi la Marekani aliyeshtakiwa kwa kumuua mwenye baa katika kijiji cha Big Bay. Juri, yaani wale raia 12 wanaosikiliza kesi na kutoa uamuzi, ilimwona hana hatia kwa sababu akili yake haikuwa timamu alipotenda kitendo kile. Riwaya ilipochapishwa, Voelker alikuwa ameshakuwa jaji wa Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo hilo. Kwa hiyo aliyeandika amewahi kukaa katika viti vyote vitatu: cha mashtaka, cha utetezi na cha hukumu. Kiti ambacho hakuwahi kukaa ni cha nne, cha jamaa za marehemu. Tukiliweka hilo akilini, tutaelewa kwa nini kitabu kimejengwa kilivyojengwa.

Muhtasari

Luteni Frederick Manion ameoa mke aitwaye Laura. Usiku mmoja Laura anamwambia mumewe kuwa Barney Quill, mwenye baa, amembaka. Manion anachukua bastola, anakwenda hadi kwenye baa na kumpiga Quill risasi mbele ya watu. Hakuna fumbo la nani kaua. Kilichobaki ni kujua kitendo hicho kitaitwa nini.

Kwa kuwa tukio lilikuwa nje ya kambi na aliyekufa ni raia, kesi inasikilizwa na mahakama ya wilaya na si mahakama ya kijeshi. Jeshi halimpi Manion wakili, naye hana pesa. Anamwendea Paul Biegler, wakili wa mji mdogo apendaye kuvua samaki kuliko kufungua majalada, na anamchukua kwa ahadi ya kulipa baadaye. Msaada mkubwa unaotoka jeshini ni daktari wa akili, ambaye ushahidi wake ndio unaobeba utetezi wote. Mwisho Manion anaachiliwa. Biegler anapomfuata ili atie sahihi hati ya deni, anakuta mtu na mkewe wameshahama, wameacha ujumbe wa kejeli tu.

Somo la wakili: nani katunga?

Sehemu iliyoipa riwaya hii umaarufu, na ambayo hata wanafunzi wa sheria huijadili, ni ile ya Biegler kumpa mteja wake "somo" gerezani. Biegler anajua kwamba wakili haruhusiwi kumfundisha mteja kusema uongo. Anachofanya ni kumweleza sheria. Anampitisha Manion kwenye milango ambayo mshtakiwa wa mauaji anaweza kutokea, na kuifunga mmoja baada ya mwingine. Kusema hukuua? Haiwezekani, watu walikuona. Kusema ulikuwa unajitetea? Haifai, Quill hakukushambulia. Kusema alistahili kufa? Huenda watu wakakuhurumia, lakini sheria haina nafasi ya kisasi. Milango inapungua hadi unabaki mmoja tu ulio wazi, wa akili kutotimamu, na Biegler hausemi. Anangoja. Manion, mtu wa jeshi aliyezoea kupokea maelekezo, anaufikia mwenyewe kwa miguu yake: lazima nilikuwa nimechanganyikiwa.

Hebu tujiulize, ndugu msomaji: nani katunga utetezi ule? Mimi naufananisha na mwalimu wa ushairi anayemwambia mwanafunzi wake, "Mimi sitakuandikia shairi hata neno moja. Ila vina ni hivi, mizani ni nane kwa nane, na kituo kirudie wazo la ubeti wa kwanza." Siku ya pili mwanafunzi analeta shairi, na mwalimu anashangaa kweli kweli! Kila neno ni la mwanafunzi, lakini umbo lote ni la mwalimu. Hapa ndipo ninapomsifu Voelker kuliko waandishi wengi wa visa vya mahakamani. Wengi wao hutuonyesha ukweli ukifichuliwa ghafla siku ya mwisho. Yeye anatuonyesha kuwa kinachoitwa ukweli mahakamani kina fani, kina mtunzi, na kimefanyiwa mazoezi.

Wala hasemi kwamba Manion anadanganya. Huenda kweli akili ilimruka. Mwandishi amekataa kutuambia, na kukataa huko ni ukomavu. Tulipoijadili kazi hii katika semina, mwenzetu mmoja alisimama na kusema kwa ukali kwamba wakili ni mwongo wa kulipwa. Sikubaliani naye. Kwanza Biegler hakulipwa! Pili, riwaya haimhukumu kwa uongo. Inaonyesha kwamba mtu asiyejua sheria hawezi hata kuisimulia habari yake mwenyewe kwa namna itakayosikika. Mwanajeshi amefundishwa bunduki na gwaride. Hakufundishwa kusimulia. Bila wakili angeingia mahakamani na ububu wake akatoka na kifungo cha maisha.

Fani: jicho, maleba na jukwaa

Usimulizi ni wa nafsi ya kwanza, na msimulizi ni wakili mwenyewe. Uamuzi huu wa kifani ndio uliobeba kila kitu. Tunaamka na Biegler, tunavua samaki naye, tunakunywa naye na rafiki yake mzee Parnell McCarthy, tunahangaika naye maktabani kutafuta kesi ya kale ya jimbo lao itakayokubali kwamba mtu anaweza kujua anachofanya ni kosa, lakini msukumo usiozuilika ukamshinda. Wanapoipata, sisi nasi tunaruka kwa furaha. Lakini nyumbani kwa Quill hatuingii, wala hatujui nani alilia. Nafsi ya kwanza imetufanya sote tuwe upande wa utetezi bila sisi kuulizwa.

Filamu iliyotengenezwa na Otto Preminger mwaka 1959 inaongeza jambo ambalo mwanafunzi wa tamthilia hawezi kulikosa: maleba. Manion anakaa mahakamani amevaa sare yake ya jeshi. Laura, ambaye tulizoea kumwona akicheka na kujitembeza, anaagizwa na wakili avae kwa staha, aweke kofia na miwani. Hakuna aliyesema uongo, nguo tu zimesema. Sare ile ni ushahidi ambao hakuna aliyeuapisha: inaiambia juri kwamba mtu huyu alitumwa na taifa kuua, na sasa taifa linamshtaki kwa kuua. Watazamaji wa filamu walipata kejeli nyingine juu ya hiyo. Aliyeigiza jaji, Joseph Welch, hakuwa mwigizaji. Alikuwa wakili hasa, yule aliyeliwakilisha jeshi la Marekani mwaka 1954 mbele ya kamati ya Seneti katika ule mvutano na Seneta McCarthy. Wakili wa jeshi akageuka jaji katika hadithi ya mwanajeshi! Mahakama na jukwaa vimepakana kiasi hicho.

Udhaifu: walionyamazishwa

Sasa nije kwenye lawama. Barney Quill ni maiti tangu mwanzo. Kiongozi wa mashtaka hamwakilishi yeye, anawakilisha jimbo, naye ana uchaguzi wake wa kushinda. Kila tunachojua kuhusu Quill kimetoka vinywani mwa watu wenye shabaha nyingine. Huenda alikuwa mbakaji, na riwaya inatusukuma tuamini hivyo, lakini hakuna kesi iliyomhukumu kwa kosa hilo. Alihukumiwa ndani ya kesi ya mtu mwingine, akiwa kaburini.

Laura amedhulumiwa zaidi. Kubakwa kwake, jambo zito kuliko yote kitabuni, kunaingia mahakamani kwa mlango wa nyuma: si kama kosa alilotendewa yeye, bali kama sababu ya wazimu wa mumewe. Utetezi unayatumia maumivu yake. Mashtaka nayo yanamuuliza juu ya nguo zake za ndani, juu ya kunywa, juu ya kucheza dansi. Pande zote mbili zinamtumia, na hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa mambo yake. Katika istilahi zetu tungesema Laura ni mhusika mkuu katika maudhui lakini mhusika msaidizi katika fani. Hapo ndipo udhalimu ulipo.

Kisha ukaja ule mwisho uliosifiwa mno. Manion na mkewe wametoroka, na ujumbe walioacha unadai walishikwa na msukumo usiozuilika wa kuondoka. Utetezi alioutunga Biegler umemrudia mwenyewe. Tunacheka, na ni haki kucheka, maana kejeli imekamilika. Lakini tazama, msomaji: deni pekee linalohesabiwa mwishoni mwa kitabu ni ada ya wakili. Deni la Quill halina mdai. Deni la Laura halikuandikwa hata kwenye karatasi.

Kutoka Michigan hadi Mombasa

Mwaka 1980 baharia kijana wa jeshi la majini la Marekani alimuua mwanamke Mkenya, Monica Njeri, mjini Mombasa. Alishtakiwa katika mahakama yetu na akakiri kosa la kuua bila kukusudia. Jaji na kiongozi wa mashtaka wote wawili walikuwa Wazungu. Hukumu ilikuwa atie sahihi dhamana ya shilingi 500 na kuahidi mwenendo mwema kwa miaka miwili. Basi, akaenda zake. Nchi iliwaka hasira, magazetini na hata Bungeni.

Tuisome hukumu hiyo kama tunavyoisoma riwaya. Mhusika mkuu alikuwa nani? Ni kijana wa mbali na kwao, mwenye maisha marefu mbele yake. Njeri alikuwa nani? Alikuwa tukio. Michigan na Mombasa zinalingana kwa muundo: anayesimuliwa kwa undani ni aliye hai mwenye wakili, na marehemu anabaki mandhari. Ila kuna tofauti moja ambayo riwaya haikuwa na haja ya kuigusa. Manion, akiwa nchini mwake, alitafuta wakili kwa mkopo. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1956 inairuhusu serikali yao kumlipia mwanajeshi wakili, dhamana na gharama nyingine anaposhtakiwa katika mahakama ya nchi ya kigeni. Yaani mwanajeshi yuleyule, akiua kwao, anaweza kulazimika kujitafutia wakili. Akiua kwetu, dola zima linaweza kusimama nyuma ya kiti chake. Silaumu nchi kwa kumjali mtu wake. Nauliza tu, mkononi mwa familia ya Njeri palikuwa na nini?

Mwenzetu mwingine katika semina ile, ambaye kwao ni Nanyuki, hakusema kitu hadi mwisho. Kisha akasema, "Nyinyi mnahakiki. Sisi kwetu tunangoja." Hakuhitaji kueleza. Agnes Wanjiru, mama wa mtoto mchanga, alipotea Nanyuki mwaka 2012 baada ya kuonekana na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa huko kwa mazoezi, na mwili wake ukapatikana katika shimo la maji taka la hoteli. Uchunguzi wa mahakama wa mwaka 2019 ulisema aliuawa na mwanajeshi au wanajeshi wa Uingereza. Hati ya kumkamata mtu mmoja aliyekuwa mwanajeshi wa nchi hiyo ilitolewa na Mahakama Kuu jijini Nairobi mwaka 2025, miaka 13 baada ya kifo. Mtu huyo bado ni mtuhumiwa tu, na kesi ikisikilizwa atakuwa na haki ya wakili hodari kama Biegler. Na iwe hivyo.

Je, tumnyime mwanajeshi wakili?

Wapo watakaoyasoma haya wakadhani napendekeza mlango wa wakili ufungwe. Hasha! Tunao mfano wa karibu wa mlango huo kufungwa. Baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972, washtakiwa wa uhaini, wanajeshi na raia kwa pamoja, walipelekwa mbele ya Mahakama ya Wananchi ya Zanzibar ambako mawakili wa utetezi hawakuruhusiwa. Kamatakamata ile ndiyo chimbuko la riwaya ya Adam Shafi, Haini, iliyotoka mwaka 2003. Anayetaka kujua mtu huwaje pale dola inapokuwa msimulizi wa pekee, na akaisome. Mahakama isiyo na wakili wa mshtakiwa haimpi marehemu sauti. Inaipa dola sauti ya pili.

Kwa hiyo dawa si kumpunguza mtunzi mmoja, bali kumwongeza mwingine. Katika jambo hili sheria yetu imeanza kuipita riwaya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kuwa na wakili amtakaye, na ya kupewa mmoja kwa gharama ya serikali pale ambapo bila hivyo dhuluma kubwa ingetokea. Kifungu hichohicho kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa. Sheria hiyo ilipatikana mwaka 2014, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikathibitisha kwamba mwathiriwa, kwa kupitia wakili wake, anaweza kushiriki katika kesi ya jinai bila kugeuka kiongozi wa pili wa mashtaka. Kwa lugha yetu ya uhakiki, sheria imekubali kuwa na msimulizi ambaye Voelker hakumweka kitabuni. Mlango umefunguliwa, ingawa kupitia mlangoni kunataka nauli, na maskini tunajua nauli ni nini.

Hitimisho

Anatomy of a Murder ni kazi kubwa kwa sababu inakiri kwamba haki hupita katika fani. Imefaulu kutuonyesha wakili kama mtunzi, mwanajeshi kama mwanafunzi mwepesi, na sare kama maleba. Imeshindwa pale ilipotufanya turidhike na ufundi huo tukasahau kuhesabu viti vitupu mahakamani.

Nasi wahakiki tujifunze. Siku nyingine tukitaka kuandika kwamba mhusika fulani "anawakilisha" kundi fulani, kalamu na isimame kidogo. Tuulize kama kundi hilo lilimkabidhi chochote, au limezungumziwa tu kama Laura. Na siku kesi ya Nanyuki itakaposikilizwa, tusiende kutazama ufundi wa wakili wa utetezi peke yake. Tutazame upande wa pili wa chumba: ni nani anamsemea Agnes Wanjiru, na amekabidhiwa na nani.

Hayo ni maoni yangu. Asiyekubaliana nami, na hasa yule mwenzetu wa "mwongo wa kulipwa", namkaribisha ajibu katika toleo lijalo.